Ukuta wa Nyuma ya Mimbari

Mimi ndiye niliyeandika barua ya kulibomoa kanisa la Nabuyeku. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanisifu bure huko mbele. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, mwandiko safi, maana nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na kila mwaka niliwaimbia watoto wa watu: usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha nikastaafu, nikachaguliwa katibu wa kamati ya kanisa, na kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya ikawa kuuacha mbachao wenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara.

Lakini hii si habari yangu. Ni habari ya Phelista Nabwile, fundi wa kukandika nyumba, mkazi wa Kibomet, Kitale, mwenye umri wa miaka sabini na moja.

Phelista ni mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba udongo maisha yake yote. Nyumba nyingi za mtaa wa Kipsongo zimepita mikononi mwake, na za Tuwan pia, zamani kabla saruji haijafika. Ukimletea udongo hakuulizi umetoka wapi. Anaukanda kwanza, anausokota uwe mrefu kama nyoka, anautundika juu ya kidole. Ukikatika, anaongeza mavi ya ng'ombe. Ukining'inia bila kukatika, anasema, "Huyu amekubali," na kazi inaanza. Siku hizi mafundi wa plasta wamemnyang'anya kazi, lakini hajalalamika mbele yangu hata siku moja. Anauza mboga karibu na nyumba yake, na mtu akimhitaji kwa jiko au kibanda cha kuku, anakwenda.

Kila Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, aliacha mboga zake akapanda kilima cha Nabuyeku kuja kukandika ukuta mmoja tu wa kanisa letu, ule wa nyuma ya mimbari. Kuta nyingine aliwaachia wanawake wenzake. Ule hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, na mtu akisogea na karai lake alimtazama mpaka akarudi. Sisi tulisema ni uzee. Mimi hata nilimtania, nikamwita mke wa ukuta, na kila nikilikumbuka neno hilo naona haya.

Ndani ya ukuta ule mlikuwa na mkono wa mtoto wake.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1983. Phelista alikuwa ameolewa hapa kilimani, na binti yake wa kwanza, Namalwa, alikuwa na miaka minne. Wanawake walipokuwa wakikandika, Phelista alikishika kiganja cha mtoto akakibandika kwenye udongo mbichi, wakacheka, akapaka udongo mweupe juu yake kidogo ili wakubwa wasione. Februari surua ikamchukua Namalwa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Kwenye matanga, mbele ya watu, mama mkwe wake, Kukhu Rasoa, yaani Bibi Rasoa, aliyekuwa mkubwa wa wakandikaji, akamwambia, "Uliupa udongo mkono, sasa udongo umekuja kuchukua mwili."

Neno likitoka limetoka. Phelista alibeba kitoto chake cha kunyonya, Wabwile, akashuka kilima akaenda Kitale, na hakurudi mpaka Kukhu Rasoa alipozikwa mwaka wa 1995. Toka hapo alikuja kila Desemba kuongeza tabaka juu ya lile tabaka. Aliamini kwamba alama ile ilikwisha kuyeyuka, kwa kuwa udongo mbichi hulainisha mkavu. Na aliamini pia, hili alinieleza mwenyewe baadaye, kwamba huenda yule mwanamke alisema kweli.

Sasa nieleze kanisa lenyewe. Liko juu kabisa ya kilima, upande wa Bungoma, na ukisimama mlangoni Mlima Elgon unakuzibia nusu ya mbingu. Asubuhi za baridi ukungu hujaa mabondeni pande zote, kilima kikabaki peke yake kama kisiwa. Bahari sijawahi kuiona, lakini nikisimama pale saa kumi na mbili asubuhi sioni kama nimekosa kitu. Lilijengwa mwaka wa 1931 kwa fito, udongo na mavi ya ng'ombe. Paa la nyasi lilibadilishwa likawa la mabati, lakini kuta ni zile zile. Kila mwaka tabaka moja la udongo mwekundu na juu yake mpako mweupe, unene wa sarafu. Mvua huzila kuta za nje. Za ndani hazina wa kuzila, kwa hiyo zimenenepa mpaka madirisha yamekuwa ya kupitisha kichwa tu, na mimbari tumeisogeza mbele mara tatu.

Nyuma ya kanisa kuna mashimo kumi na moja, mapana kama nyumba, yamezungushiwa mawe yaliyoota kuvu. Tunayaita mashimo ya Wasirikwa, watu walioishi nchi hii na ng'ombe wao kabla ya mababu zetu kufika. Sisi tulipanda migomba humo kwa sababu unyevu haukauki. Na kutoka lile shimo kubwa kuliko yote wanawake wamechota udongo wa kukandikia tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ni mwekundu, laini, na haupasuki.

Januari ya mwaka juzi kila kitu kilikuwa tayari. Ramani ya kanisa jipya la mawe ilibandikwa mlangoni, tingatinga lingefika Jumatatu, na fundi alikwisha kung'oa fremu ya mlango. Siku ya Alhamisi akaja mwanamke mmoja aitwaye Chepkirui, daktari, si wa sindano bali wa mambo ya kale, ametumwa na chuo chake kupima mashimo kabla ujenzi haujaanza. Alitembea kwenye migomba yetu akipima kwa hatua. Alipolifikia lile shimo kubwa akapiga kelele.

"Mwalimu! Nani amechimba hapa?"

"Wanawake wa kanisa."

"Mita mbili kwenda chini! Mnajua mmefanya nini? Hapa ng'ombe walilala. Hapa watu walitupa vyungu vyao vilivyovunjika, majivu yao, mifupa waliyokula. Hiyo ndiyo barua waliyotuachia, na nyinyi mmeichota kwa karai! Imeenda wapi?"

Nilikuwa nimeanza kukasirika, maana huyu angeweza kuwa mwanafunzi wangu. "Haijaenda mbali," nikamwambia. "Iko kanisani."

Nikampeleka. Pale fremu ilipong'olewa ukuta ulikuwa umekatika, na ukiangalia ule mkato uliona mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe, mistari myembamba iliyopangana toka uso wa ndani mpaka kwenye fito za mwaka 1931. Nilikuwa nimepita mlango ule siku nne tangu fremu itoke na sikuona kitu. Chepkirui aliketi chini, daktari mzima, juu ya vumbi. Alihesabu kwa ncha ya kalamu mpaka akapoteza hesabu. Kisha akatoa kisu kidogo, akachokoa, kigae kikamdondokea kiganjani.

Kilikuwa kipande cha mdomo wa chungu, cheusi. Ukingoni palikuwa na vishimo vimepangwa kwa mstari, na ndani ya kishimo kimoja, alipokigeuza kwenye mwanga, niliiona mistari ya ngozi ya kidole cha mtu.

Niliingizwa katika kanisa lile nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Nimesinzia humo, nimeoa humo, nimezika humo. Na muda wote huo, katika kuta nilizoegemea, kulikuwa na watu wasiojua jina langu wala la Mungu wangu. Niliogopa, ule uoga wa kumwogopa Mungu ambao sikuwa nimeupata kwa miaka mingi.

Phelista alikuwa mlangoni na karai lake. Alikuja kuuaga ukuta. Alikitazama kigae kwa muda, kisha akauliza, "Hiyo kidole ni ya nani?"

"Ya aliyefinyanga chungu, mama," Chepkirui akasema. "Labda ni mwanamke. Sijui."

"Alikufa rini?"

Chepkirui alitaka kucheka, akamwona usoni, akaacha. "Miaka mia tano, mama. Labda na zaidi."

"Na bado iko?"

"Si unaiona? Bado iko."

Phelista akaliweka karai chini polepole. "Basi ya mtoto wangu iko. Yake ni miaka arobaini tu."

Hapo ndipo alipotusimulia, amesimama, bila machozi, yote niliyoyaeleza hapo juu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu wakati ule, mwanafunzi wa ualimu mbali na hapa, na nilichosikia ni kwamba Phelista amemkimbia mama mkwe. Alipomaliza alitaka kitu kimoja tu: ukuta ufunguliwe auone mkono ule kabla tingatinga halijaja. Chepkirui alikubali hata kabla hajaulizwa. Ilibaki mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu, Mukhwana, ni kitinda mimba wa Kukhu Rasoa, kwa hiyo Phelista ni shemeji yake. Ni mtu mwema, ila akipanga jambo halipanguliwi. Alisikiliza akiwa ameshika kofia.

"Shemeji, pole. Lakini mashine imeripwa, watu wametoa. Ati tusimamishe kazi ya Bwana juu ya mkono?"

"Sijasema msimamishe. Nimesema mnipe hadi Jumatatu."

"Mwalimu, unasema aje?"

Ulikuwa wakati wangu wa kuwa mwanaume. Nikasema kwamba kamati haikatazi mtu kuchokoa ukuta ambao hata hivyo utabomolewa. Ndiyo maneno ya katibu, hayamgusi yeyote. Mukhwana akasema sawa, hadi Jumatatu saa tatu.

Kazi ikaanza Ijumaa asubuhi. Chepkirui alimwuliza mkono uko sehemu gani, akitarajia kuonyeshwa ukuta mzima. Phelista alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye kimo cha nyonga yake. "Hapa." Chepkirui akachora pale mraba wa ukubwa wa sinia, akaanza kuinua tabaka moja moja kwa kisu chembamba, akipuliza vumbi, akinyunyiza maji tone kwa tone pale palipokataa. Ule mpako mweupe ulisaidia, kwani udongo ulibanduka juu yake vipande vizima.

Nami nilikaa kwenye benchi la mbele na daftari, nikiandika, na nilichokiona siku zile mbili sikukisoma katika chuo chochote. Phelista aliusoma ukuta. Chepkirui akiinua tabaka, yeye anaweka dole gumba na kusema.

"Hii ni mwaka tulichota chini kabisa ya shimo, ona vile iko nyeusi. Hii niliweka mavi mingi, mvua ilikuwa inakuja. Hii nirikuwa na homa, ona, imekunjana."

Walipoishuka miaka yake mwenyewe wakaingia ya watu wengine, naye aliwatambua kwa jinsi mikono yao ilivyopita. "Huyu ni Edinah, alikuwa anapaka kushoto. Na hii, aki, hii ni marehemu Sabeti. Huyo alikuwa anakandika kama mtu anafukuza kuku." Tulicheka mpaka Chepkirui akaacha kisu. Nilimjua Sabeti. Na kweli, ukitazama mikwaruzo ile, unaiona haraka yake yote.

Vigae vilitoka, tisa kwa jumla. Jino la ng'ombe. Ushanga mmoja wa mfupa ambao Chepkirui aliushika hewani dakika nzima. Yule aliyetukaripia Alhamisi hakukaripia tena. Jumamosi jioni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba katika kazi yake watu wa kale hukaa chini na watu wa leo hukaa juu, na hajawahi kuona mahali wamekandwa pamoja.

Hesabu ilitusumbua. Mimi nilisema ni matabaka arobaini mpaka Desemba ya 1983. Phelista akasema thelathini na tisa, kwa sababu mwaka ule wa vita vya mlimani hakuna aliyekandika, watu walikuwa wamekimbia. Tukabishana kama watoto. Akamaliza ubishi yeye mwenyewe: "Wacheni kuhesabu. Mtaona ya majivu. Mwaka wa njaa, ng'ombe walikufa, mavi ya kukandika itoke wapi? Ya Namalwa iko chini yake."

Nilikumbuka mwaka ule wa 1984, unga wa mahindi ya manjano na foleni zake. Sikujua kwamba uliandikwa pia ukutani.

Jumapili ilikuwa ibada ya mwisho. Mchungaji alihubiri akiwa na shimo la ukubwa wa sinia nyuma yake, na nina hakika hakuna aliyesikia mahubiri. Baada ya baraka hakuna aliyetoka. Chepkirui alipiga magoti, Phelista kando yake, na watu wakajaa mpaka kwenye mimbari. Tabaka likainuka, jekundu. Lingine. Kisha chini yake pakatokea kijivu.

"Ya njaa," Phelista akasema.

Lilikuwa jembamba kama karatasi, majivu na udongo kidogo, limepakwa vibaya, kazi ya mtu mmoja asiye na msaada. Chepkirui alipiga brashi mara mbili tatu, kisha mkono wake ukasimama. "Mama," akasema, "hapa kuna kitu. Lakini si cha mtoto."

Ulikuwa mkono wa mtu mzima, umekandamizwa kwa nguvu ndani ya majivu yale, vidole vimetanuliwa. Kile cha mwisho kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye kifundo.

Kila aliyevuka miaka hamsini mle ndani alijua. Kukhu Rasoa alikatwa kidole kile na panga akivuna miwa, na watoto wote wa kilima tulikuwa tukikichungulia akitugawia ndizi. Kelele zikapanda, kisha zikafa zenyewe. Mukhwana alisukuma watu akafika mbele. Aliinama, akaweka uso wake karibu na ukuta, mzee wa miaka sitini na nane, na nikamsikia akisema "Mayi," yaani mama, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Alinyanyuka, akatoka nje. Kwa dirisha letu dogo tulimsikia akipiga simu: "Hapana. Usilete. Hapana bana, si kesho, usilete kabisa."

Phelista hakuonekana kusikia. Alikuwa akiutazama ule mkono. "Alikuja," akasema. "Mimi nikiwa Kitale nalia, yeye alikuja hapa na majivu. Peke yake."

Chepkirui alimgusa bega, akamwonyesha mahali kati ya dole gumba na kidole cha shahada cha Kukhu Rasoa. Pale majivu yalikuwa yamebanduka kidogo, na chini yake, katika weupe wa mwaka 1983, ilionekana ncha ya kidole kimoja, ndogo kama punje ya mahindi.

Nililia. Watu walilia. Mwanamke mmoja nyuma alianza wimbo akashindwa kuumaliza.

"Mama," Chepkirui akasema, "sasa tuna muda wote tunaotaka. Naweza kuufikia mkono wa Namalwa, uuone wote. Lakini lazima nikwambie ukweli. Haya majivu hayawezi kuinuka yakiwa mazima. Nikiendelea, huu wa juu utakuwa vumbi."

Nilijua atasema nini. Ningesema hivyo mimi. Miaka arobaini na mtoto wako hana picha, na mwanamke aliyekuangusha mbele ya watu ndiye aliyelala juu yake; piga kisu. Nikaona midomo ya Phelista ikisogea kama anayesema na mtu wa ndani ya ukuta.

Kisha akanyoosha mkono wake, ule mkono mnene uliokandika nusu ya Kipsongo, akauweka juu ya mkono wa mama mkwe wake, kidole kwa kidole. Uliingia sawasawa, isipokuwa pale mwisho.

"Wacha," akasema. "Amemshika."